Barua ya Karugendo Kuhusu Ile ya Mto

Mume wangu Karugendo alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika pale Muleba, na kama unawajua wapima kahawa utashangaa nikikuambia kwamba hakuwahi hata siku moja kuegemeza kidole kwenye mizani. Mkulima akileta gunia, Karugendo alichukua punje moja, akaing'ata, akasikiliza inavyovunjika, kisha akasema hii bado, irudishe jamvini siku mbili. Hata gunia la baba yake mzazi, Ta Rugemalira, alilirudisha mara mbili katika msimu mmoja. Mzee alinuna wiki nzima, hagusi chakula kilichotoka jikoni kwangu, na mimi ndiye niliyekwenda kupiga magoti na kuomba radhi. Siku naolewa mashangazi waliniambia nimepata mtu mkweli. Hawakunieleza kwamba mtu mkweli anachosha.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni santuri. Mashine yenyewe aliinunua Kampala mwaka mmoja baada ya Uhuru, msimu kahawa ilipokuwa na bei ya kumfanya mtu ajisahau. Ilikuwa sanduku la mbao lenye mpini, linakula betri sita, na betri zikichoka tulizianika juani ukutani pamoja na maharage. Nilidhani ataleta muziki wa bendi zetu, zile za magitaa matatu na tarumbeta, ambazo mimi Clotilda nilizicheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka. Wapi. Karugendo alipenda jazi ya kukaa na kusikiliza. Piano inayotembea peke yake. Tarumbeta inayoanza sentensi na kuiachia njiani. Baadaye, wale wapigaji wa huko nje walipoanza kuchomeka magitaa yao kwenye umeme na kuchanganya ngoma za kila taifa, akanunua na hizo pia, akaziita jazi ya mseto, kwa sababu alisema ukionja huwezi tena kutenga wali na choroko.

Majalada ya santuri hizo yaliandikwa kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua Muleba nzima, hata padri. Kwa hiyo tuliziita kwa picha zake. Kulikuwa na Ile ya Daraja, Ile ya Mwanamke wa Kofia, Ile ya Viatu, na Ile ya Taa Nyekundu ambayo ilikuwa na mkwaruzo upande wa kwanza, pale piano inapopanda ngazi, na sisi tulikwisha kuuzoea hadi ikawa tukiisikia bila mkwaruzo tungeona imekosewa.

Jumapili baada ya misa watu walikuja nyumbani, wakapewa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama ilivyo desturi, kisha wakaeleza shida zao. Usicheke. Karugendo aliwasikiliza kama mganga wa zahanati. Aliyegombana na mkewe alipigiwa Ile ya Daraja, upande wa pili, na kuamriwa asiongee mpaka iishe. Mfiwa alipewa Ile ya Viatu, lakini baada ya arobaini tu, kwa maana kabla ya hapo ingemzidishia. Theopista, jirani yetu aliyekuwa hapati usingizi, alipewa Mwanamke wa Kofia na akalala palepale kwenye kiti changu cha wageni, mdomo wazi, hadi saa nane mchana. Nami nilikuwa nikipita na sinia nikiwaza kwamba katika nyumba nyingine Jumapili ni siku ya kupumzika.

Mwaka tulioambiwa tuachane na muziki wa mabeberu, balozi wetu wa nyumba kumi, Yoeli, alikuja na daftari. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Karugendo hakubishana naye. Aligeuza jalada la Ile ya Taa Nyekundu, akamwonyesha kwa chini mahali palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa Polandi. Yoeli alisoma mara mbili, akafunga daftari, akasema basi hawa ni ndugu zetu katika ujamaa, na kama ni ndugu zetu si vibaya kusikia wanasema nini. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili akiulizia kama ile piano ya ndugu zetu ipo.

Santuri nyingi zilitoka kwa Zahoro.

Zahoro alikuwa fundi saa mjini Bukoba, mtu wa asili ya pwani ambaye babu yake alikuja na biashara akanogewa na ndizi. Walikutana mashine ilipoharibika spidi, maana Zahoro alitengeneza chochote chenye kuzunguka. Alipomaliza kuirekebisha alitoa santuri yake mwenyewe ili kuijaribu, na Karugendo akakaa kusikiliza mpaka basi la Muleba likaondoka bila yeye. Alilala kwao. Asubuhi Zahoro akampa ile santuri aende nayo, akamwambia airudishe na maneno, si kuirudisha kimya kama sufuria la kuazima.

Mwaka uliofuata wakala omukago. Wazee wetu walipotaka kufanya udugu na mtu asiye wa ukoo walichanja ngozi ya tumbo, wakapaka damu kwenye punje mbili za kahawa zilizotoka katika tunda moja, na kila mmoja akameza ya mwenzake. Damu iliachwa: Zahoro alisema dini yake hairuhusu, na Karugendo alisema padri atamfukuza kwenye kwaya. Lakini tunda lilitoka kwenye kibanja chetu, na Ta Rugemalira mwenyewe ndiye aliyesema maneno. Alipofika pale pa kuuliza wanaapa nini, wazee wote walitega sikio, wakidhani watasikia habari za ng'ombe na mashamba. Zahoro akasema wanaapa kutodanganyana juu ya santuri. Mbaya iitwe mbaya, nzuri iitwe nzuri.

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda. Kisha akaamua kwamba kiapo ni kiapo.

"Atakayedanganya," alisema, "kahawa hii imvimbe tumboni."

Wakameza. Tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina, ni munywani huku na munywani kule, yaani ndugu wa kiapo, na kila Alhamisi kondakta wa basi alibeba santuri moja kati ya mbao mbili, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na barua ndani. Zahoro alizipata melini, au kwa wageni waliomaliza mkataba wakauza vitu vyao kabla ya kurudi makwao. Mwanzoni barua zake zilikuwa ndefu kuliko za mume wangu. Aliandika: ruka wimbo wa kwanza, huyo mpiga ngoma anajionyesha, anzia wa pili. Au: hii sikiliza ukiwa umeshiba. Moja aliiandikia maneno mawili tu, pole sana, na kweli ilikuwa mbaya.

Kisha, kuanzia kama mwaka wa sabini na tatu, barua zake zikafupika. Hii nimeipata melini, isikilize uniambie. Wiki nyingine hivyohivyo, isikilize uniambie. Karugendo akasema munywani amekuwa mvivu, au macho yamemchosha kwa saa zile ndogo. Lakini kwa kuwa yeye alipenda kueleza, alieleza. Aliandika kurasa mbili, tatu, nne, akisimamisha mashine kila baada ya dakika ili arudie mahali, na mimi nikilalamika juu ya betri. Kukutana kulikuwa kwa nadra, mafuta ya magari yalikuwa ya shida. Kwa miaka miwili walionana mara mbili tu, msibani na harusini, na mara zote mbili Zahoro alitabasamu na kutikisa kichwa kukubali kila alichoambiwa.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Oktoba ya mwaka wa sabini na tano mwanetu Mujuni alipata kipaimara, na kabla ya wageni kuja nilisafisha nyumba. Mashine ya santuri nilikatazwa kuigusa. Lakini vumbi lilikuwa limeikalia, na mimi vumbi la kipaimara siliwezi. Nikapitisha kitambaa kama ninavyopitisha mezani. Nikasikia kitu kidogo kimesema tiki. Sindano ilikuwa sakafuni, na ncha yake sikuiona tena.

Nilimwambia siku ileile. Alikaa chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Sindano ile alipewa na Zahoro, aliitoa kwenye mashine yake nzuri, na wakati wa kuitoa alimwambia, munywani, asiiguse mtu mwingine. Madukani hakukuwa na sindano. Wakati huo sabuni yenyewe ilipatikana kwa kujuana. Karugendo alimwandikia mpwa wake Dar es Salaam, akajipa moyo kwamba wiki mbili si nyingi.

Alhamisi hiyo ikaja Ile ya Mto. Jalada lake lilikuwa zuri kuliko yote tuliyowahi kuona: mto mpana, ukungu juu yake, ng'ambo miti myembamba, na maandishi yenye herufi zilizovaa vikofia. Isikilize uniambie. Karugendo alijibu kwamba bado anaisikiliza. Wiki ya pili alijibu hivyohivyo. Wiki ya tatu sindano ya Dar ilikuwa bado haijafika, na Zahoro aliandika: Munywani, mbona kimya? Nasubiri.

Nilimwambia aseme ukweli, sindano imevunjika. Alinitazama. Angesema imevunjika angeulizwa imevunjwa na nani, na mume wangu, mtu aliyerudisha gunia la baba yake, hakutaka kuandika jina langu. Mimi nami, Mungu anisamehe, sikumbembeleza. Aliweka jalada mbele yake mezani, akautazama ule ukungu hadi chai ikapoa, kisha akaandika. Barua nyingine hakuwa akinisomea. Hii alinisomea, nadhani ili tuwe wawili.

"Inaanza na filimbi peke yake," aliandika. "Ni mtu anapita kibanjani alfajiri akiimba kwa chini asije akawaamsha wenye nyumba. Besi inaingia polepole, umande ukiwa bado kwenye majani ya migomba. Usitarajie ngoma upesi. Ngoma zinangoja nje mpaka ziitwe, kwa adabu, na zikiitwa hazikai mbele. Upande wa pili filimbi inarudi, lakini sasa ni jioni na mwimbaji amechoka, na wimbo ni uleule. Munywani, hii usimwazime mtu."

Nikasema ni nzuri. Ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo lililotuumiza.

Tulitegemea yaishie hapo. Lakini Zahoro, ambaye kwa miaka miwili hakuzidisha mstari mmoja, alijibu kurasa mbili. Barua ameisoma mara nne. Anataka kujua zaidi kuhusu ile filimbi: inapanda juu sana, au inabaki katikati? Na jioni ile ya upande wa pili, ni jioni ya mvua? Karugendo akaandika tena. Inabaki katikati. Si ya mvua, lakini mvua iko njiani. Juma lililofuata maswali mengine, na majibu mengine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mume wangu ilikuwa na barabara nzima ya Muleba hadi Bukoba, na basi kila Alhamisi.

Novemba senene wakashuka. Mwaka huo walianguka kama wametumwa, na kila nyumba ilikaa uani ikinyonyoa mabawa. Kwa mila zetu mwanamke anawaandaa na mwanamume ndiye anayekula. Mimi niliwaonjea jikoni, na chumvi haionjwi mara moja. Karugendo alikula bakuli, akaongeza bakuli, akateremshia na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Siku ya pili halikupungua. Siku ya tatu nikamkuta amekaa kitandani, mikono yote miwili juu ya tumbo, anatazama ukuta.

"Mama Mujuni," aliniambia, "hii ni kahawa."

Nikamwambia hao ni senene. Akasema senene amewala tangu utoto na hawajawahi kumkalia siku tatu. Nikamkumbusha kwamba utotoni hakuwala kwa bakuli mbili. Zahanati wakampa dawa ya kuharisha, akaharisha, tumbo likabaki lilelile. Kahawa akawa anaipima kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiuno. Yoeli alikuja Jumapili kuulizia piano ya ndugu zetu, nikamwambia daktari wa santuri anaumwa.

Mimi sikuamini kwamba punje ya mwaka wa sitini na nne inaweza kuota leo. Lakini niliona alichokuwa akikiogopa, na hakikuwa kufa. Aliogopa kwamba akimwambia ukweli rafiki mmoja aliyekuwa naye duniani wa kumweleza habari za tarumbeta, rafiki huyo atarudisha punje yake. Na mimi ndiye niliyepitisha kitambaa. Ijumaa nilipanga nguo, nikafunga Ile ya Mto kwenye mbao zake, na Jumamosi asubuhi tukapanda basi, yeye dirishani akiwa amefungua kifungo cha suruali, mimi nimepakata santuri. Kila shimo la barabara alilihesabu kwa tumbo lake.

Zahoro tulimkuta kibarazani karibu na soko, ameinamia meza ya saa. Alikuwa ameshika saa ya mtu kwa meno. Nikadhani anaifungua. Karugendo alimwita munywani kutoka nyuma, kwa sauti iliyowafanya wauza nyanya wageuke. Zahoro hakugeuka. Akaita tena. Ndipo kivuli chetu kilipoifikia meza, akainua uso, akaruka kama kijana, akamkumbatia pamoja na lile tumbo.

Nyumbani mkewe, Bi Shamsa, alitupokea kwa chai ya tangawizi. Karugendo hakugusa kikombe. Alikaa wima mbele ya mwenzake, akaweka santuri kwenye jamvi katikati yao, akasema alichokuja kukisema. Kwamba Ile ya Mto hajaisikia. Kwamba sindano ilivunjika. Hapo nikamkatiza nikasema niliivunja mimi, na hayo ndiyo maneno yangu niliyokuwa nimeyabeba kutoka Muleba. Akaendelea: filimbi ameitunga, jioni ameitunga, na barua zote tatu ni uongo, na kahawa imeshamvimbia kama alivyosema mzee, na kama munywani anataka kuvunja udugu yuko tayari.

Zahoro alikuwa amemtazama midomo kwa makini sana. Alipomaliza alitabasamu, akatikisa kichwa kama alivyotikisa kule harusini. Kisha akamgeukia mkewe.

Bi Shamsa akaweka birika chini.

"Hasikii, shemeji," alisema. "Mwaka wa tatu huu unakuja. Ilikuwa ile homa, akachomwa kwinini sindano baada ya sindano, homa ikaenda na masikio yakaenda nayo. Saa anazisikia kwa meno. Nilimwambia akwambie. Amekataa."

Akachukua kibao cha shule kilichokuwa chini ya mto wa kiti, akaandika kwa chaki yale Karugendo aliyoyasema, yote, na lile la tumbo. Zahoro alisoma. Nilitazama uso wake wakati anasoma na sijawahi kuogopa uso wa mtu mpole kama siku ile.

Karugendo ndiye aliyeanza kuhamaki, wanaume ndivyo walivyo, anakuja kuungama na anaondoka na kesi. Akanyang'anya chaki, akaandika: Miaka miwili umenificha.

"Tuliapa kutodanganyana juu ya santuri," Zahoro alisema, kwa sauti kubwa mno, maana hakuweza tena kujipima. "Juu ya masikio hatukuapa."

Akasema tena, safari hii akijitahidi kushusha sauti, kwamba mwanzoni aliogopa wateja, nani atampa saa fundi kiziwi. Baadaye akaogopa zaidi. Rafiki wa santuri asiyesikia ni wa nini? Shamsa alijaribu kumweleza, lakini Shamsa, alisema, anajua maneno mawili tu, inalia na imenyamaza. Bi Shamsa akakubali kwamba ni kweli. Kwa hiyo alikuwa akiweka santuri mashineni, anaitazama inavyozunguka, mkono juu ya sanduku ili apate japo besi, kisha akaituma Muleba na kungoja barua. Barua ikifika aliiweka pembeni ya mashine na kusoma.

"Tulikula tunda moja," alisema. "Nikajiambia, sikio langu liko Muleba."

Halafu akauliza, na hili ndilo lililonivunja mimi, "Kwa hiyo ile filimbi haipo?"

Karugendo aliandika: Sijui.

Zahoro alinyanyuka, akafungua mbao zetu, akaiweka Ile ya Mto kwenye mashine yake kubwa ya umeme, akashusha mkono wa sindano mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya sanduku. Macho yake aliyaweka kwenye uso wa mume wangu, hayakuondoka hapo.

Jamani. Nimeolewa na santuri, nimezisikia za kila namna, lakini ile sikuwahi. Ilianza kwa kishindo cha chuma juu ya chuma. Saksafoni ikapiga kelele ya mbuzi aliyefungwa vibaya Krismasi. Mpiga piano alikuwa akiipiga kwa viwiko, nina hakika, na ngoma zilianguka ngazi, zikasimama, zikaanguka tena. Bi Shamsa alichukua kikombe chake akaenda nacho uani. Filimbi haikuwepo. Mto haukuwepo. Sijui yule mchora jalada alipewa santuri gani.

Na Zahoro akasubiri. Niliona Karugendo akipima. Ilikuwa rahisi mno. Mwenzake hasikii, filimbi ameshaipenda, kinachotakiwa ni kuandika neno moja kibaoni, ipo, na watu wanne wangekula chakula cha mchana kwa amani. Hata mimi nilimtolea macho aandike. Lakini alikuwa ameshika ile chaki kama anavyoshika punje ya kahawa kabla ya kuing'ata, nikajua gunia linarudi jamvini.

Hakuandika. Alimsogelea hadi magoti yakagusana, akasema polepole, akiumba kila neno kwa midomo.

"Hakuna filimbi, munywani. Kuna mtu anabomoa kabati. Sasa amekuta vikombe ndani."

Zahoro alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka kicheko kikubwa kisicho na kipimo, akafuta macho kwa kanzu, kiganja bado juu ya sanduku, akasema, "Endelea."

Karugendo akaendelea. Alimweleza mbuzi, akamweleza viwiko, akamwambia sasa wamenyamaza wote, hapana, walikuwa wanavuta pumzi. Upande ulipoisha waligeuza, wakasikiliza na wa pili, dakika ishirini za uharibifu, na sijawahi kuwaona watu wawili wakifurahia kitu kibaya namna ile. Na ni kweli katikati ya upande wa pili palikuwa na mahali besi ilibaki peke yake, ikitembea taratibu. Karugendo aliinua kidole, akasema hapa, hapa ni pazuri, na Zahoro akafumba macho kwa kuwa hapo alipasikia mwenyewe.

Bi Shamsa alinipa sindano, akaniwekea kwenye kiberiti kitupu, akanionya kwa kicheko juu ya vitambaa. Tulikula wali. Saa tisa walitusindikiza stendi, na pale ndipo Karugendo alipokumbuka jambo. Alimwomba mwenzake arudishe ile barua ya kwanza ya Ile ya Mto, aichane, haistahili kukaa na nyingine.

Zahoro aliitoa mfuko wa shati. Alikuwa akitembea nayo. Ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, na mtu alikuwa ameiunga kwa gundi.

"Hii sikurudishii," alisema, na stendi nzima ikasikia. "Tangu niugue, hii ndiyo santuri peke yake niliyoisikia mpaka mwisho."

Akaikunja, akairudisha mfukoni, akatupigia bati la basi kwa kiganja kama anavyofanya kondakta.

Basi lilipita Kemondo. Pale ndipo nilipomwona mume wangu anafunga kifungo cha suruali. Nikamuuliza tumbo linasemaje. Akasema limelala. Nikamwambia walikuwa senene, akasema sawa, walikuwa senene, kisha akaniomba penseli na mfuko wa karatasi wa mkate niliokuwa nao. Basi lilikuwa likitikisika, herufi zikipanda na kushuka, lakini niliweza kusoma juu ya bega lake. Alikuwa ameanza na Ile ya Daraja, upande wa kwanza, toka mwanzo, ile waliyokuwa wameisikia wote wawili miaka kumi iliyopita, ili munywani aisikie tena.